Waliokuwa Nyuma ya Mzee Kasiani

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Najua huitikii tena, ila bila shikamoo usingenisikiliza hata ulipokuwa hai.

Naikumbuka foleni yako ulipokuwa mtunza ghala la tumbaku, Lusewa. Hukugawa namba. Kila mkulima alimjua mtu mmoja tu, wa nyuma yake, na akishapimiwa mzigo alimwita huyo. Aliyetaka kutoka katikati alimshika mkono mtu wa nyuma yake, akampeleka kwa wa mbele: "Ukimaliza, mwite huyu." Ndipo ukamruhusu aende zake.

Soko la tumbaku lilipoachiwa huria, kampuni binafsi ikachukua ghala, ikaleta kompyuta. Mimi ndio kwanza nimetoka kozi ya kompyuta Dar, sishikiki. Nikapewa kazi ya kuandika programu ya foleni. Wewe ukabaki kuita majina inayoyatoa.

Njia zilikuwa mbili. Moja ni safu: majina yanakaa bega kwa bega kama waumini kwenye benchi. Benchi likijaa unawahamishia wote kwenye refu zaidi, na akitoka mmoja, wa nyuma wote wanasogea. Ya pili ni mnyororo: kila jina linajua tu lilipo jina linalofuata. Nikachagua mnyororo, kwa majivuno. Ukaniuliza, "Akitoka wa katikati, wa nyuma yake anakabidhiwa na nani?"

Nikacheka. "Baba Mdogo, hii ni kompyuta bwana!"

Siku Mzee Kasiani alipouguliwa na mkewe, akaomba kutoka kwenye foleni, nikalifuta jina lake kabla sijamkabidhi wa nyuma yake kwa wa mbele. Wote waliomfuata wakapotea. Meneja hakutaka kusikia. Asiye kwenye orodha haingizi mzigo. Mvua ikanyeshea tumbaku ya Mama Yustina, aliyekuwa nyuma ya Kasiani, na wenzake nje ya geti, Mama Yustina analia, watu wanapiga kelele kwamba umekula rushwa ukawaruka.

Meneja akaniuliza mbele yako kama kompyuta inaweza kukosea. Kosa nilikuwa nimeshaliona.

"Haikosei," nikasema.

Ulinitazama, ukatoa funguo za ghala mfukoni, ukaziweka mezani.

Ulirudi kulima. Krismasi ulikuja kwangu Mjimwema na jogoo, ukawaambia majirani, "Huyu ndiye fundi wetu." Heri ungenitukana. Nadhani ulijua, na aibu hiyo haijaniacha hadi leo.

Ningechagua safu, foleni ingesogea polepole lakini asingepotea mtu. Ila nisijifiche nyuma ya safu. Hata mnyororo ungetosha, kama ningefanya ulivyokuwa ukifanya wewe. Programu niliirekebisha kesho yake kwa mistari miwili, majina yao yote yakarudi. Lako sikulirudisha.

Ndiyo maana naandika barua hii wazi, isomwe Lusewa: Baba Mdogo hakula cha mtu. Nilikosea mimi, kisha nikasema uongo.

Pumzika, Baba.

Mwanao,
niliyekuacha bila kukukabidhi kwa mtu