Sahani ya Vitalis

Dar es Salaam, 8 Machi 1999

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Sijui ninyi huko Ukata, na miguu yako je?

Mama, Jumamosi moja mwezi uliopita Jacqueline, ninayelala naye chumba kimoja chuoni, alinipeleka ukumbini ambako vijana hupanda jukwaani mmoja mmoja kughani mashairi yao bila karatasi, dakika chache tu, na watazamaji ndio wanaotoa alama. Nilikwenda kutazama, nikajikuta nimepanda. Nikaghani habari za kaka Vitalis, tangu alipoletwa mgonjwa kutoka Mbamba Bay hadi tulipomzika. Nilipomaliza, watu wakasimama. Sijawahi kupenda kitu namna hii. Sasa kila Jumamosi niko huko.

Watu wa redio wamenirekodi. Mtanisikia Jumapili ya Pasaka, baada ya taarifa ya habari ya mchana. Waite na majirani.

Mwanao,
Edina

Ukata, 6 Aprili 1999

Mwanangu Edina,

Pokea salamu. Miguu ina nafuu, mahindi yamestawi.

Tulikusikia. Niliita majirani na wanakwaya wote, uwanja ukajaa. Sauti yako ilipotoka nilisimama, nikasema, "Huyo ni wangu." Ukasema kilichomuua kaka yako ni ukimwi. Sawa, hata mimi nilishachoka kusema malaria. Kisha ukasema mama alimtengea mwanawe sahani, akamsukumia chakula mlangoni kama mbwa. Watu wakaanza kuaga.

Edina, wewe ulikuwa shule ya bweni. Sahani aliitaka mwenyewe. Nilikataa, akagoma kula. Akasema, "Mama, humu ndani kuna watoto." Na chakula sikumsukumia. Nilimlisha kwa mkono wangu mpaka aliposhindwa kumeza.

Mbona hukuniuliza?

Mama yako

Dar es Salaam, 20 Aprili 1999

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimekaa sakafuni. Nilipokuja likizo niliiona sahani ile imewekwa peke yake dirishani. Mengine niliyatunga mwenyewe, kwa sababu yalisikika vizuri. Nisamehe, Mama.

Jumamosi nilighani upya, kama ulivyonieleza. Nilipofika pale unapomlisha, sauti ilikatika, nikashuka. Nimewaomba watu wa redio walitangaze shairi hili jipya, wamekataa.

Mwanao,
Edina

Dar es Salaam, 14 Juni 1999

Shikamoo Mama,

Hii ni barua ya tatu hujajibu. Unaumwa? Nimeomba ruhusa chuoni. Nije?

Edina wako

Ukata, 2 Julai 1999

Mwanangu,

Mimi sijambo. Tunachuma kahawa, yaani ninachuma. Waliozoea kuja tusaidiane mwaka huu hawajaonekana, isipokuwa mzee Othmar wa kwaya. Yeye huja, anachuma, wala haulizi kitu.

Sikukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nalia.

Usije kwanza. Sikufukuzi, hapa ni kwenu. Ila nikikuona nitataka kukukumbatia, na moyo bado haujakubali. Utakapokubali nitakuandikia mwenyewe.

Kughani usiache. Una sauti, nimeisikia kwa masikio yangu.

Redio nimempa mzee Othmar.

Mama yako