Meza ya kupokea wakwe

Gaston, eish, leo nimejiaibisha! Wakwe wamekuja kumposa binti yangu Shekinah, na ile meza niliyojisifia kwako imenivua nguo.

Si unajua niliiunda kwa mbao za paleti za kubebea mizigo pamoja na za lile kabati la marehemu mke wangu Agnès? Nikazipaka zote rangi ya kahawia ya kopo moja. Za paleti zikainywa, zikatoka madoa meusi. Za kabati zikaikataa, zikabaki nyekundu, zinanata. Punda milia mzima sebuleni! Wakubwa wa jiji ndio wa kulaumiwa, walikata umeme nikapaka bila kuona vizuri. Agnès angeniambia nijaribu kwanza kwenye kipande.

Baba wa kijana akaiegemea. Na shati jeupe! Akauliza, "Mzee, nani alikutengenezea hii?"

Unajua nilijibu nini? "Fundi mmoja wa mtaa wa Yeoville. Mwizi yule!"

FUNDI WA YEOVILLE, Gaston!

Akaiangalia mikono yangu. Kahawia mpaka kwenye viwiko. Shekinah akacheka mpaka akakaa chini. "Papa, wewe!"

Wamekubali kumchukua, Mungu mkubwa. Ila wametoa sharti moja: kitanda cha maharusi watanunua dukani.