Pua ya Kleopatra wa Xiaobei

Mama yangu kipenzi,

Leo nimegombana na mtu kwa ajili ya pua yako. Usicheke, chanzo ni wewe.

Unakumbuka Wakongomani wa mtaa wa Xiaobei walivyokubandika jina la Kleopatra? Ulikuja Guangzhou kununua mawigi ya duka letu la Kariakoo, nami nikakupokea uwanja wa ndege wa Baiyun nikijidai mkalimani wako. Mkalimani wapi! Kufika soko la Liuhua ukaniweka pembeni. Ulimwuliza laoban, yule mwenye duka, hali ya mkewe kwa Kichina chako cha kuokoteza, ukawatania Wakongomani waliokuja kununua kwa Kifaransa, ukarudi kwenye bei. Laoban aliyekuwa amenuna akakuvutia kiti na kukumiminia chai. Nilikutazama nikajivunia mpaka nikasahau begi langu dukani.

Lakini jina lenyewe lilikuuma. Tulivyorudi chumbani ukaniambia, "Wananisanifu hao. Kleopatra alikuwa mrembo, mimi na pua hii?" Kila ukipigwa picha ulikuwa unageuza uso.

Miezi michache baada ya kukuzika, mwalimu wetu wa historia hapa chuoni alituonyesha sarafu za kale zenye sura ya malkia huyo. Nilitoa macho. Pua ndefu iliyopinda, kidevu kimechomoza! Akatuambia kuna mwandishi wa kale aliyekiri kwamba uzuri wake haukuwa wa ajabu. Watu walinaswa na mazungumzo yake, sauti yake, na lugha nyingi alizozungumza bila mkalimani. Sifa mbaya ya kuwalaghai wanaume alipakwa zaidi na maadui zake. Nililia darasani, Mama. Wale watu walikuwa wanakusifu, na umekufa hujui.

Sasa misa yako ya mwaka imekaribia, na mama wadogo wanataka picha yako kubwa ya ukutani. Mtoto wa dada amezaliwa hujamwona. Bibi atakayemjua ni huyo wa kwenye picha. Nikapeleka studio moja ya barabara ya Huanshi Zhonglu ile picha niliyokupiga kwa kuvizia, ubavuni, ukiwa katikati ya kubishania bei. Mimi nimekaa huku miaka yote hii na bado nilisahau kwamba mafundi wa hapa humrembesha kila mteja bila kuulizwa. Kwao ni heshima.

Leo nimekwenda kuichukua, nikapewa mwanamke mweupe, pua nyembamba kama kalamu. Mzuri, sikatai. Kilichoniumiza ni kwamba wewe ungeipokea kwa mikono miwili. Nilisimama pale nimeishika, sijui nikutii au nikutetee.

Nikasema, "Bu yao. Sitaki." Laoban wa studio akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini nataka mama yangu aonekane mbaya. Nikamgeuzia ubavu. Aliitazama pua yangu, akaitazama picha, akaona haya. Akaketi kwenye kompyuta na kukurudishia pua yako yote, na weusi wako.

Nisamehe kwa kukukatalia. Nilishindwa kumwacha mtoto yule akue akimwita bibi mtu ambaye hajawahi kuwepo. Mama wadogo wakilalamika, nitawajibu mimi. Lala salama, Mama.

Binti yako, mwenye pua ile ile