Misuko Tisa ya Chiriku

11 Januari

Kwako Dada,

Pokea salamu, na kama hazikutoshi ikung'ute bahasha, nyingine zimeganda kwenye gundi. Hujambo? Kifua kimeacha kukusumbua? Sisi huku wazima, tunakula, tunagombana, tunalala. Mama na magoti yake yale yale. Mimi ndiyo kabisa, nazidi kupendeza, mpaka wateja wakikaa mbele ya kioo wanaomba nisogee pembeni, nawaharibia.

Najua simu yako tajiri anaifungia kabatini, ndiyo maana nimeshika kalamu. Shule niliiacha darasa la sita, lakini mwandiko si unauona? Hasara waliipata walimu.

Sasa kaa kitako. Chawa.

Hukumaliza hata wiki tangu uondoke, mwanao akaanza kujikuna. Mama akasema joto. Chiriku akajikuna chakulani, akajikuna akiongea, na wewe unajua huyo mtoto haachi kuongea. Juzi mwalimu kamrudisha na karatasi: asionekane darasani mpaka kichwa kiwe safi. Nikampandisha kwenye kiti changu cha kinyozi, juu ya ule ubao ninaowawekea watoto, nikachungulia kati ya misuko. Dada! Mtaa mzima. Wana barabara, wana mjumbe wa nyumba kumi, walikuwa kwenye mkutano. Nikamfunua na mama kitambaa, naye anao. Nimepona mimi tu, kwa sababu kwenye kipara changu chawa akipanda anateleza.

Ni likizo yako hiyo. Wiki tatu, vichwa vitatu, mto mmoja, kwa kuwa Chiriku hakukubali ulale hata upande wa pili wa chumba. Nani alianza sijui. Mama anasema si yeye. Shangazi tuliyekwenda kumtembelea anasema kwake hata sisimizi hawaingii. Basi walishuka na mvua.

Chawa peke yao nawaweza. Kazi ipo kwako. Siku ya kuondoka ulimsuka misuko tisa ya uzi, ukamwambia, "Mtu asifumue mpaka nirudi Aprili, nifumue mwenyewe." Wewe ulisema unacheka, mwenzio kaichukua kama amri ya serikali. Nikigusa uzi anafunika kichwa kwa mikono miwili anapiga mayowe, wateja wanadhani nimekata sikio. "Mjomba, acha! Ya mama hiyo!" Na dawa haipenyi, ulivyokaza ni kama ulikuwa unafunga mzigo. Mama alitaka kummwagia mafuta ya taa. Nikamwambia, mama, huyu ni mjukuu, si kandili.

Kwa hiyo naomba maneno mawili ya mkono wako nimwonyeshe: umeruhusu, mjomba afumue. Basi. Kwangu anabisha, kwako hawezi.

Halafu na wewe jikague. Usicheke! Nimekuchorea chawa hapo chini ukurasa mzima, ukikutana naye umtambue: tumbo kubwa, miguu sita, kashika sanduku, anapanda ndege kukufuata. Vichwa vyote vilivyoko ukutani kwangu nilivichora mwenyewe, kwa hiyo usiulize kama kafanana.

Mdogo wako,
Wembe, kinyozi wa vinyozi

9 Februari

Dada,

U mzima? Salamu za mama hizo, na za Chiriku, na zangu ambazo zinaanza kununa. Wiki nne na ushee hakuna jibu. Umepandishwa cheo umetusahau, au yule niliyekuchorea alikupokonya kalamu?

Natania. Lakini jibu.

Mtoto bado yuko nyumbani. Nashinda naye kibandani. Pembeni dawa nampaka inapoingia, kwa kitana namchana inapowezekana, lakini katikati ya misuko wanazaliana tu, na nyuma ya shingo ametoka vidonda kwa kujikuna. Anatumia penseli. Wenzake wakitoka shule wanapitia upande wa pili wa barabara, wanamwimbia. Nimewatimua, nikawaambia nina mashine hapa ya kunyoa mpaka meno.

Ili asichoke nimemfundisha kusoma kalenda iliyoko ukutani. Anaijua miezi yote, kwa mwalimu kama mimi ungetegemea nini. Aprili tumeizungushia wino mwekundu. Jana akaniuliza, "Mjomba, Aprili ni mbali?" Nikamwambia si mbali, ni kama hapa na sokoni. Akaenda kuvaa viatu.

Andika, dada. Hata kwa mkaa.

Mdogo wako,
Wembe

21 Februari

Mdogo wangu,

Nawasalimu wote nyumbani. Mwili wangu mzima, kifua kimetulia. Mpe mama pole ya magoti, mwambie asichuchumae kufua, kuna kigoda.

Barua zako mbili nimekabidhiwa siku moja, baada ya yote kutokea. Ya kwanza ilikuwa imekwisha funguliwa. Nitakueleza taratibu, na ukimsomea mama uruke hapa.

Ilipofika mimi nilikuwa nje naanika nguo. Mama mwenye nyumba akaipokea, akaona nene, akafungua. Lugha yetu hajui hata neno la salamu, lakini picha ile haikuhitaji mkalimani. Nilimkuta jikoni ameishika karatasi kwa ncha za vidole. Akaniuliza hiki nini. Nikacheka, maana ulikuwa umemchora vizuri, Wembe, hata sanduku umelitia kufuli. Nikasema ni mdogo wangu, ana utani. Yeye hakucheka. Akamwita mtoto wake wa mwisho, yule ninayemwogesha na kumlaza, akamsogeza dirishani akampasua nywele.

Alikuwa nao. Wachache tu, lakini alikuwa nao. Na mimi pia.

Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimesharudishwa kwa wakala aliyenitafutia kazi, nguo zangu ndani ya mfuko wa takataka. Wakala akanipitishia mashine kichwani bila kuniuliza. Sasa naishi hapo ofisini kwake, chumba cha nyuma, wanawake wanane tunaongoja nyumba. Anasema mkataba nimeuvunja mimi kwa uchafu, kwa hiyo popote nitakapopelekwa naanza upya. Miaka miwili bila likizo. Hati yangu ya kusafiria anayo yeye. Aprili haipo tena.

Najua utajilaumu. Sitakuambia huna kosa, ungejua nadanganya. Ningewagundua mwenyewe, ningewamaliza kimya kimya bafuni, pasingekuwa na neno. Ndiyo hivyo. Lakini mimi ndiye niliyelala naye mto mmoja, na hata leo ningelala.

Chiriku nimejaribu kumwandikia mara tatu, nimechana zote. Nikiandika "fumua" naona namwambia siji. Wewe mdomo unao, tangu utotoni ulikuwa unatuponya na viboko vya baba kwa maneno tu. Mwambie. Tumia maji ya vuguvugu, anza misuko ya nyuma, hapo mbele panamuuma haraka. Na usimnyoe, nakuomba. Nywele zile nimezilea tangu zikiwa vumbi.

Dada yako

16 Machi

Dada,

Shikamoo. Najua hujazoea kuamkiwa na mimi. Mama hajambo, hajui, nimemwambia tajiri wako amehama mji. Mimi sijui nijiiteje.

Barua yako niliisoma nikiwa na mteja kitini, nimemfikisha nusu. Nikatoka nje. Yule bwana kanifuata mpaka barabarani na shuka shingoni, upande mmoja kijana, upande mmoja mzee, anauliza kosa lake nini. Nikamwambia rudi kesho. Hajarudi.

Ile picha nilichora nikijisifu. Niliwaonyesha wateja wote kabla sijaitia kwenye bahasha, wakacheka, nikaona niongeze na sanduku.

Ulisema mdomo ninao. Siku kumi na mbili mdomo haukufunguka. Chiriku ananiuliza, "Mama kasemaje?" nami namwambia posta imelala. Mwishowe nikaona nidanganye kidogo: nikamwambia barua imekuja, mama amesema nifumue. Akasema, "Nione." Nikampa. Nilijua hawezi kusoma mwandiko wa watu wazima, ule uliounganaungana. Nilifikiri ataangalia tu wino wako, aamini.

Akapitisha kidole mstari kwa mstari, polepole, mimi nasafisha vitana najifanya sina wasiwasi. Kidole kikasimama.

"Hapa pameandikwa Aprili."

Nikasugua kitana ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"A-pri-li ha-i-po." Akanitazama. "Haipo imekwenda wapi?"

Neno hilo, dada, ni mimi niliyemfundisha. Kati ya maneno yote yaliyoko duniani.

Nilimwambia kweli. Kwamba umepata kazi nyingine, kwamba huwezi kuja, kwamba kosa ni langu. Hilo la kosa hakulijali. Akauliza, "Ni siku ngapi?" Nikasema nyingi. "Kalenda hii yote?" Hii na nyingine mbili, nikamwambia. Hakulia. Ningelipa kichwa changu ili alie. Akaiweka barua mezani, akapanda kitini mwenyewe, akakaa juu ya ubao, akainamisha shingo.

Nilifumua tangu saa nane mpaka saa kumi na moja, maji ya vuguvugu, nikianzia nyuma kama ulivyosema. Huyo mtoto ambaye hanyamazi hata akimeza, hakusema kitu. Msuko wa mwisho nikamwuliza kama nyuzi anataka azihifadhi. Akasema, "Tupa, mjomba, zina chawa."

Siku sita nimemchana kwa kitana chembamba mpaka vidole vikaota sugu. Ni safi sasa, mama naye safi, mashuka yote tumechemsha, mito tumeanika juani. Jumatatu mwalimu kamkagua, kampokea. Chiriku aliniomba nimnyoe awe kama mimi. Nimekataa.

Dada, nitukane basi. Andika matusi yote uliyonayo, mengine azima kwa hao wenzako saba. Kuliko ulivyoniandikia kwa upole.

Mdogo wako

2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwenu. Mimi naendelea. Nywele zimeota kidogo, kama za mtoto wa wiki mbili, ungeniona ungecheka.

Nimepata nyumba. Ni bibi mmoja mgonjwa wa kitandani, namgeuza, namlisha, namsafisha. Si mbaya, ila mkali akisikia maumivu. Barua hazipokelewi hapo. Ukiandika, andika kwa wakala, atanipa akipenda, pengine baada ya miezi. Nikiwa kimya ujue ni hivyo, msiwaze makubwa. Mama mwambie lolote litakalomtuliza.

Wenzangu saba wamekataa kuazimisha matusi, wanasema una mwandiko mzuri.

Nina swali moja tu, na nakuomba usinichekeshe. Unajibu kila kitu kwa mzaha, hili lijibu kama mtu mzima. Ananiulizia?

Dada yako

3 Novemba

Dada,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na yule bibi amepata nafuu, au amepata mwingine wa kumkaripia. Mama magoti yamezidi, kigoda anakitumia. Mimi nipo, nanyoa.

Ni miezi sita. Posta haikulala wala wakala hakuficha kitu, ni mimi. Kila nikianza naandika habari za kibanda, za mvua, za mteja aliyesinzia akatoka bila nyusi moja, nikifika kwenye swali lako nachana. Nina mfuko mzima wa karatasi zilizochanwa, huo mfuko ukiusoma ungecheka sana.

Alikuwa anakuulizia. Machi alikuulizia kila siku. Aprili, siku ya kwanza, alikaa na viatu kutwa, nadhani alitaka tu kuhakikisha. Baadaye akaanza kuuliza akiumwa. Baadaye akawa anauliza akimwona mtoto mwingine na mamake, halafu anajibu mwenyewe, "Yuko kazini."

Tangu Agosti haulizi.

Anasoma vizuri. Anaongea tena, anaongea kupita zamani, mwalimu kamhamisha akae peke yake. Nywele zimejaa. Mama ndiye anayemsuka, misuko minne tu kwa sababu ya vidole vyake, na kila Jumamosi wanafumua.

Nawe ulisema nikujibu kama mtu mzima, kwa hiyo hili nakuandikia, na ukinichukia nitajua limekufikia.

Jumapili iliyopita mama alikuwa uani anachambua mboga, mimi naninginia juu ya ngazi narekebisha bati. Chiriku yuko ndani anapika uji, siku hizi anajua. Akaita, "Mama! Uji unafurika!"

Mama akainua kichwa akanitazama. Tukadhani ameteleza ulimi, ataita "Bibi" sasa hivi.

"Mama!"

Mama kaendelea kuchambua. Sasa anatupa majani, anabakiza vijiti.

"Mama, njoo!"

Akaweka sinia chini. Akasema, "Naja, mwanangu," akajikokota na magoti yake akaingia ndani.

Aliporudi nilikuwa nimeshashuka. Nikamwambia, tena kwa ukali, Mungu anisamehe, "Mama, usimwitikie. Huyo ana mama yake."

Akakaa kwenye kigoda, akalivuta sinia mapajani.

"Ameita mara tatu, mwanangu," akasema. "Ulitaka nimwache mpaka mara ya ngapi?"

Mdogo wako