Dorkas na lile bembea la meli

Devo, upo? Dada Dorkas kasimamishwa kwaya! Na wimbo aliokuwa aongoze Jumapili kapewa rafiki yake Elinaza! Karudi sasa hivi, analia mpaka kwikwi.

Kisa ni lile bembea kubwa lenye umbo la meli lililoletwa uwanjani hapa Same. Wanakwaya wamepanda wote. Rodrick kacheka kama kichaa, Yonas na mwili wote ule kalia akimwita mama yake. Dorkas kashuka, katapika.

Kutapika tu, Devo!

Mwalimu wa kwaya akamtazama tumbo. "Binti, hiyo mimba ya nani?" Mbele ya watu wote! Mimba ya nani!

Dorkas akaapa ni kizunguzungu, hata gari humtapisha. Akaambiwa, "Shahidi wako nani?" Akamgeukia Elinaza.

Elinaza huyohuyo! Kila wakipanda gari kwenda Ugweno, kwenye zile kona, yeye ndiye humshikia dada mfuko wa kutapikia. Miaka yote!

Elinaza akainama, eti anafunga kamba za viatu.

Devo, alikuwa kavaa ndala.