Mjomba, Siasa za Jumapili Sasa Basi

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumanne asubuhi, kampeni zikiwa zimepamba moto.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Umepata nafuu, au bado ukitoka zamu ya ghalani unajilaza sakafuni kama gogo na kukataa kuamshwa? Wifi ya mama hajambo? Na yule binamu yangu mdogo, kikohozi kimemwacha? Ulisema kimegoma kusikia dawa, tukawa na wasiwasi. Sisi huku tunapumua. Nikisema sote hatujambo nitakuwa nakudanganya, kwa hiyo chukua hilo la kupumua.

Najua umeshtuka kuona bahasha badala ya simu. Ningepiga, lakini Mjomba nakufahamu: kabla sijafika katikati ya habari utakuwa umeshanikatiza na kunipa hotuba. Karatasi haikatizwi. Na lile kundi la ukoo kwenye simu ndiyo usiseme, ukiandika la maana pale linazikwa na picha za mikutano ya hadhara kabla hata mtu hajalisoma. Barua nampa dereva wa basi, yule ambaye mkewe namsuka. Anaondoka kesho, na ameniahidi ataikabidhi mkononi mwako kabla ya Jumapili. Hiyo Jumapili ndiyo inayonitia hofu.

Ni habari za mdogo wangu, mpwa wako Mawimbi. Mama, dada yako, ameniambia nikuandikie kwa upole. Najaribu, Mjomba, ila kalamu yenyewe inagoma.

Kwanza nikupe haki yako. Sonona ilipompata, wewe ndiye uliyetutetea. Majirani walisema kijana ni mvivu, wengine wakasema karogwa, na wewe kwa simu ukafoka kwamba huu ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine na apelekwe hospitali. Tukampeleka. Akaanza dawa. Lakini alikuwa kimya, unakumbuka? Anaulizwa, anatikisa kichwa, basi. Sahani inarudi jikoni kama ilivyokwenda.

Halafu ile Jumapili ulipopiga ukamsifia kiongozi wako, na Mawimbi kutoka kitandani akasema, "Mjomba, huyo mtu wako ni muongo." Weee! Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani kaolewa. Na wewe ukacheka, ukamjibu, akakujibu, na nyumba nzima tukaona mgonjwa amefufuka.

Hapo ndipo tulipokosea, Mjomba, familia nzima. Tulidhani akibishana ndiyo kapona. Ikawa ndiyo dawa ya nyumbani. Akiinama kidogo, mama anamchokoza: umesikia walichosema leo wale watu wako? Na wewe kila Jumapili unapiga, tunawasha spika ya simu, tunakaa sebuleni kama watu wanaotazama mpira. Anapandisha sauti, macho yanawaka, sisi tunakonyezana kwamba leo yuko vizuri. Wewe hukuwahi kuona kilichofuata baada ya kukata simu. Anaingia chumbani, anajifunika shuka, halali, hali, na kesho yake kibandani anakotengeneza redio hawezi hata kushika waya wa kulehemu. Wiki moja alijichoma kidole, akaficha. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, ndivyo walivyosema wenye kusema.

Na kazi yake ndiyo imemponza zaidi. Redio ikishatengenezwa haiwezi kurudishwa kwa mwenyewe hapo hapo, lazima iachwe inaunguruma kutwa nzima uone kama itakata tena. Siku za kawaida ni muziki na matangazo ya sabuni. Sasa hivi ni kampeni. Nimekwenda kumpelekea chakula nikakuta redio tano rafuni, kila moja na mgombea wake, wote wanapiga kelele kwa pamoja kwamba nchi inaangamia na mwenzake ndiye mwizi. Nikakaa pale kidogo tu kichwa kikaniuma. Yeye anakaa mle kuanzia asubuhi, na Jumapili tunamwongezea ya kwako.

Hata sisi tulio wazima siasa hizi zinatupanda kichwani. Saluni kwangu juzi wateja wawili walibishana, mmoja akainuka na kichwa nusu kimesukwa nusu kimefumuka, akaondoka hivyo hivyo mpaka barabarani kwa hasira. Nilimfuata na kitana mkononi, hakurudi. Mpaka leo sijui anatembea na kichwa gani. Tulicheka siku nzima. Lakini yule, Mjomba, alifika kwake akala, akalala, akasahau. Mawimbi hasahau. Maneno yakiingia kwake hayana mlango wa kutokea.

Sasa nakuja kwenye Jumapili ile ya kabla ya hii ya juzi. Labda wewe umeshaisahau. Mlikuwa mmefikia kwenye mambo ya kura, alikuwa amekubana kidogo, tena kwa heshima, na sisi tunacheka. Ukapandwa na hasira. Ukamwambia, na spika iko wazi, mama amekaa, mimi nimekaa, mtoto wa jirani amesimama mlangoni: "Mtu mwenyewe umeshindwa kujisimamia, utajuaje nchi inavyosimamiwa? Wewe hufai kitu, na kura yako haifai kitu."

Hukutuona nyuso zetu. Mawimbi alitabasamu. Akasema, "Kweli, Mjomba." Kisha akaniambia nikate simu, chakula kinapoa.

Angekutukana ningelala usingizi mnono. Ni ile "kweli" iliyoniogopesha. Wewe ulikuwa unabishana siasa, Mjomba, lakini hilo neno ndilo ugonjwa wake unamwambia kila siku, kwamba hafai, kwamba ni mzigo. Miaka miwili tunalipinga, daktari analipinga, dawa zinalipinga. Halafu likatoka kinywani mwa mtu anayemwamini kuliko sisi wote.

Siku ya tatu fundi viatu, jirani yake kibandani, alikuja saluni. Nilidhani anataka kukaa tu apige soga. Akaniuliza, "Dada, kwani Mawimbi anasafiri?" Nikamuuliza anasafiri kwenda wapi. Akasema amempa kile kipimo chake cha umeme, kile alichokihifadhi ndani ya kitambaa kama yai, akamwambia kitakufaa. Na redio za watu amezirudisha zote, hata ambazo hajazigusa.

Nilimwacha mteja na povu kichwani. Sikumbuki nilivyofika. Nilimkuta amekaa kwenye kile kigoda chake, rafu tupu, sakafu imefagiwa, na kimya kile, Mjomba, kibanda ambacho hakijawahi kuwa kimya. Sikuzunguka. Nilimuuliza waziwazi kama anataka kufa. Akasema, "Nimechoka, dada. Sikutaka niwaachie vitu vya watu."

Nililia mbele yake, sikujali. Nikamshika mkono, tukaenda hospitali vilevile, mimi na aproni yangu ya saluni. Hakunigomea. Njiani alinishika mkono kama alivyokuwa akinishika nikimpeleka shule. Daktari wake alimsikiliza peke yake, kisha akatuita. Amebadilisha dawa, ameagiza asiachwe peke yake kwa sasa, na kila baada ya siku chache tunarudi. Tunapokezana: asubuhi mama, mchana anakaa saluni kwangu anapanga rola na kuwapikia wateja kahawa, jioni fundi viatu anakuja na lile bao lake na kelele zake. Jana alikula ugali wote. Nakuambia hivyo ili ujue yuko hai na anatibiwa. Hatujatoka kwenye hatari, ila tumeshika njia.

Nilikuchukia, Mjomba. Naliandika hili nikijua mimi ni mtoto kwako na sina adabu. Nilikuchukia kabisa, hata jina lako likitajwa nainuka. Nilimwambia mama nitaizuia namba yako kwenye simu ya Mawimbi usimpate tena. Mama akalia, mimi nikashikilia msimamo. Juzi Jumapili ulipopiga hatukupokea, halafu jana wewe, bila kujua lolote, ukaandika kwenye kundi: "Mpwa wangu kakimbia uwanja, hoja zimemwishia!" na vile vikatuni vya kucheka hadi machozi. Mawimbi alikuwa kando yangu. Aliusoma ujumbe wako, akaifunika simu mezani.

Nikaichukua nimfutie namba yako. Akanizuia mkono. Anakuogopa, Mjomba, nilimwona, lakini akaniambia niiache, kwamba ukikoma kupiga basi ndiyo itakuwa kweli kuwa hafai. Usiku mzima nimekuwa nikiligeuza hilo, na ndiyo maana asubuhi hii nimefunga saluni nikakaa kukuandikia.

Kwa hiyo sikuombi usipige. Nakuomba upige, Jumapili, saa ile ile. Spika tutaizima na sebuleni hatakaa mtu. Usimpe siasa. Si kwamba amekatazwa mpaka kiama; ana akili zake, na siku ya kura anasema atapanga foleni kama mtu mwingine, na akiwa na nguvu mtabishana mpaka mchoke, kwa adabu. Lakini si Jumapili hii. Muulize anakula nini. Mwambie mgongo wako unavyokusumbua, mwambie habari za kikohozi cha mtoto. Kama maneno yatakuishia, kaeni kimya wote wawili, simu iwe hewani tu.

Ila kuna jambo moja lazima ulianze. Najua mkubwa hamwangukii mdogo, na wewe hasa sijawahi kusikia umemwomba mtu radhi, hata yule mwenye nyumba wako uliyemmwagia maji. Safari hii meza kiburi. Usimwambie ulikuwa unatania, kwa sababu hukuwa unatania, na yeye anajua. Usimwambie "samahani, lakini". Ukisikia hiyo "lakini" inakuja, uimeze. Mwambie ulisema uongo. Mama amemwambia, mimi nimemwambia, daktari amemwambia, na kila tukisema anatutazama kwa huruma kama watu wanaomfichia msiba. Neno lile halina mwingine wa kuling'oa ila aliyelichoma. Heri kujikwaa dole, Mjomba, kuliko kujikwaa ulimi, lakini umeshajikwaa, sasa inuka.

Kama nimekukosea kwa haya, nitakuja kupiga magoti mwenyewe uchaguzi ukiisha. Kwa sasa sina nafasi ya kupiga magoti.

Msalimie wifi ya mama, na binamu zangu wote, hasa yule wa kikohozi. Mama anakusalimu sana, anasema anakupenda na usikonde. Fundi viatu anakusalimu, ingawa hamjawahi kuonana, anasema amekusikia sana kupitia ukuta. Mungu akulinde zamuni na kukurudishia nguvu za mgongo.

Mawimbi hajatuma salamu. Nilimuuliza kama niandike anakusalimu, akageukia chai yake. Ningeweza kumtungia mstari, watu wanafanya hivyo kila siku na barua inapendeza, lakini sitakutungia. Zake zifuate mwenyewe, Jumapili.

Ni mimi mpwa wako mwenye mdomo, ninayekupenda hata leo,

Msusi