Jina Lako Mlangoni mwa Basi

Otieno, omera, ndugu yangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, na siipendi hata kidogo. Nimekaa kwenye kigoda changu cha kushonea viatu, hapa hapa nyuma ya soko la Kisii, na mikono inanitetemeka mpaka herufi zinakwenda upande. Si kwa machozi. Machozi niliyamaliza, mengine kule kwenu ziwani siku tuliyokuzika, mengine nitakueleza. Inatetemeka kwa sababu jana nililibeba lile basi letu dogo la bati kutwa nzima, na nataka ujue kisa chake kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine atakayekuja huko na kukisimulia vibaya.

Mke wangu Kemunto amenichungulia begani akauliza namwandikia nani. Nilipomwambia, akasema, "Sasa mbona hauandiki na Ekegusii, ndio utoe yote kwa roho?" Nikamkumbusha kwamba Ekegusii, lugha yetu, wewe ulijua maneno ya chakula tu, na mimi Kijaluo nilijua matusi uliyonifundisha ukinidanganya ni salamu. Urafiki wetu wote ulikuwa wa Kiswahili, hiki hiki cha kuungaunga. Kama kilitosha kwa kucheka, kitatosha kwa hili.

Kibanda chako kimechukuliwa. Pale ulipokuwa ukitundika koroboi zako, sasa kuna mama anauza chumvi na vitunguu. Ni mtu mwema, hana kosa lolote, lakini nikipita hapo naangalia upande wa pili. Nyundo yako ndogo iko kwangu, na kile chuma chako cha kulehemu pia. Mkeo Akinyi alikuja kuhamisha vyombo baada ya mazishi akarudi ziwani na watoto, ila kabla hajapanda gari alinijia na basi tulilokuwa tumelianza, amelifunga kwa leso kama mtoto mwenye homa. Akasema, "Shemeji, wewe maliza hii. Upeleke maonyesho, kwa meza ya wakubwa, vile alikuwa anataka. Watu watakuambia ni ya watoto. Usisikie." Halafu akapanda gari. Hakulia mbele yangu, nami sikulia mbele yake, tukawa wajinga wawili.

Watu wamesema, Otieno. Walisema ukiwa hai, lakini ulipokuwa hai tulikuwa wawili wa kuchekwa na kicheko kiligawanyika. Sasa chote ni changu. Kaka yangu Mosoti, ambaye tangu awe mzee wa kanisa anaona dhambi hata kwenye uji, alikuja hapa akaniambia kwamba nilikuwa na udhuru ulipokuwepo, kwa sababu wewe ndiye uliyenipotosha, lakini sasa umekwenda, niache kuchezea magari ya debe na ndevu hizi. Nilimwambia kelele za mlango hazinikoseshi usingizi. Akasema yeye si mlango. Nikamwambia basi afunge.

Hajui tulichokuwa tukifanya. Wewe ulikisema vizuri kuliko mtu yeyote: "Mtoto anatengeneza gari. Sisi tunatengeneza gari ile." Ile moja, si nyingine. Lenye taa moja iliyopinda kidogo kwa sababu liligonga ng'ombe, lenye kiraka cha bati mahali fulani na si pengine. Kulifanya dogo bila kulisingizia chochote.

Unakumbuka lori la ndizi lililolala kwenye mtaro karibu na Kebirigo? Jumapili, tumetoka kanisani, wewe na lile koti lako la pekee. Dereva hakuumia, alikuwa ameketi pembeni anatukana barabara. Watu wote walikimbia kuokota ndizi. Sisi tulikimbilia tumbo. Tangu tuanze kazi hii hatukuwahi kuliona tumbo la lori vizuri, na hapo Mungu alikuwa amelilaza ubavu mbele yetu. Ulivua koti, ukalala matopeni, ukaanza kunitajia: springi ngapi, bomba la moshi linapita wapi, difu limekaaje. Mimi nachora kwa mkaa nyuma ya kitabu cha nyimbo. Tanboi, yule msaidizi wa dereva, akatusogelea akiwa na shaka. "Nyinyi ni mafundi wa gari?" Ukasema ndiyo. "Basi tengenezeni." Ukamjibu bila haya, "Hapana, ndugu, sisi ni wa zile ndogo." Alitutazama namna ambayo sijatazamwa tena. Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye tope na mimi.

Sasa nikueleze basi. Ulipolala kitandani na kichomi ulikuwa umemaliza uso, boneti na kiti cha dereva. Nikaona kazi iliyobaki ni ya kawaida: ubavu, paa, viti, magurudumu. Jiwe la magurudumu nilishalitoa machimbo ya Tabaka, lile laini, nikalichonga na kulipaka masizi na mafuta mpaka likawa na weusi wa mpira. Viti nilivishona kwa mabaki ya ngozi. Mapazia ya turubai, yale ya kukunja mvua ikiisha, niliyatia nyuzi kwa sindano yangu nyembamba kabisa. Nikapima mbavu kama tulivyopima siku zote, upana wa kidole cha kati kimoja kwa futi moja. Nikakata bati, nikalehemu, nikaleta paa.

Paa likagoma. Nyuma ya basi ilikuwa pana, mbele ilikuwa nyembamba, kama mama wa Suneka aliyevaa gauni la bintiye. Nikapima tena, sawa. Nikapima mara nyingine, sawa. Nikakutukana, nikidhani uso uliutengeneza ukiwa na homa. Kemunto ndiye aliyenishika mkono akauangalia. Akauliza, "Otieno alikuwa na kidole kama hii?"

Omera, tulikuwa tumesahau kabisa. Miaka yote ile tulipima kwa kidole chako. Kidole chako chembamba cha Mjaluo wa kulehemu, si hiki changu kilichovimba kwa kuvuta uzi. Hatukuwahi kukiandika wala kukiweka popote, maana kilikuwa kinakuja kazini kila asubuhi chenyewe. Nilikaa nikalia hapo, nakwambia ukweli, kuliko nilivyolia kaburini. Kaburini nilikuwa na watu wa kunitazama.

Nikachukua lile lori dogo tulilotengeneza kwanza, ambalo mlango wake wa nyuma tulikubaliana ni vidole saba, nikaugawa, nikakata kijiti. Ndicho kipimo sasa. Nikabomoa mbavu zote nikaanza upya. Kemunto alisema si ningekaza tu paa kwa nguvu, nani ataona? Nikamwambia wewe ungeona. Akaniletea chai.

Vumbi sikulisahau. Ulizoea kusema: "Gari isiyo na matope haijafika Nyamira." Nilichota udongo wa barabara yenyewe, nikauchanganya na gundi nyepesi, nikaupaka chini ya milango tu na nyuma ya magurudumu, mahali unapoganda kweli. Juu ya kerea, pale paani, nikaweka tenga la kuku na mkungu wa ndizi wa jiwe. Halafu nikafanya jambo moja ambalo hatukupanga. Kila gari la biashara hapa lina jina la mwenyewe limeandikwa mlangoni. Nikachukua unywele wa brashi, nikaandika mlangoni kwa rangi nyeupe: OTIENO, KISII. Herufi ndogo, zimenyooka. Siku hiyo mikono haikutetemeka.

Jana nikalipeleka maonyesho.

Karani wa kupokea vitu alikuwa kijana mpole, tai shingoni. Siwezi kumsingizia ubaya. Aliliinamia, akachungulia ndani, akaona usukani, akaona viti, akapiga mluzi. "Mzee, hii ni kitu safi kabisa. Peleka meza ile ya watoto." Nikamwambia si ya watoto. Akasema meza ya kazi za mikono ni ya vitu vinavyotumika: vikapu, vigoda, mitungi. Nikamwonyesha ndege wa jiwe aliyekuwa katikati ya meza hiyo. "Na huyu anatumika kufanya nini?" Akajikuna. "Huyo wazungu wananunua."

Kisha akachukua kadi aandike. "Nani ametengeneza?"

"Otieno na mimi."

"Mwambie akuje aandikwe."

"Alikufa."

Akaweka kalamu chini. "Pole sana, mzee. Sasa weka jina lako pekee. Marehemu hawezi kushindana." Akaliangalia basi tena, akaona mlango. Akainama karibu yangu akanong'ona, kwa nia njema kabisa, "Sikiliza. Ukifuta hiyo jina, niandike yako, mimi nitakupatia nafasi hapa kwa wakubwa. Karibu na ndege. Mzungu wa kilimo anapitia hapa."

Otieno, nitakwambia ukweli kwa sababu kwako uongo haufai tena. Nilijaribiwa. Meza ile uliitamani mwaka jana mpaka ukasahau kula mahindi uliyonunua. Akinyi alisema meza ya wakubwa, hakusema habari ya jina. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri. Kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo tu, kupangusa mara moja, na basi letu lingekaa pale. Nikaona jinsi lingekaa. Nikaona pia mtu akilitazama na kuniambia, "Nyakundi, una mkono," nami nikijibu asante.

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka mama wa vikapu akageuka. Nikamwambia kijana gari hili lina mwenyewe, na kama jina la mwenyewe linaharibu meza, basi meza ibaki na ndege wake. Kwa watoto silipeleki. Nyumbani pia sirudi. Nikalinyanyua.

Unajua uzito wa magurudumu yale ya jiwe. Nikasimama kando ya meza ya wakubwa, hatua moja tu, mahali ambapo si mezani wala si njiani, nikalishika basi kifuani, mlango wenye jina ukitazama watu. Askari akaja kuniuliza nafanya nini. Nikamwambia nimesimama. Akatafuta kosa hapo, hakuliona, akaenda zake.

Mzungu wa kilimo alipita. Alilitazama, akatabasamu, akasema kitu na mwenzake, akaenda kukipa kikapu kimoja utepe wa ushindi. Sikupata chochote, na sitakudanganya kwamba haikuniuma. Iliniuma kuliko mikono.

Lakini watu, omera. Walianza kuja wawili wawili, wakawa kundi, mpaka mama wa vikapu akalalamika kwamba wanamfunikia mali. Wazee wa Sironga waliolijua basi lenyewe, lile kubwa la Nyamira, waliapa kwamba ni hili hili limenyeshewa likasinyaa. Vijana walichungulia tumboni. Na kila mmoja, akishamaliza kuangalia, alisoma mlango akauliza, "Otieno ni nani?" Wa kwanza nilimjibu kwa neno moja: fundi. Kufika saa ya jua kali nilikuwa nasimulia, nao wanaulizana maswali, na mzee mmoja wa Ogembo ambaye hakukuona maisha yake yote akasema, "Sasa huyo Mjaluo alikuwa mtu." Kemunto alikuja na ndizi, akaona mikono yangu imejaa, akazimenya akanilisha mbele ya umati wote. Mke wangu, ambaye hupenda heshima kuliko chumvi. Mosoti naye alipita, akaniona nalishwa, akageukia meza ya maua ya pareto akayasoma kama Biblia.

Walipoanza kukunja mahema, yule karani alinijia. Akasema niweke chini sasa, kazi imekwisha, hata kwenye meza yake mwenyewe niweke. Nikakataa. Akauliza mwakani nitakuja hivi tena. Nikamwambia mwakani nakuja na lori la pareto, na atafute kitu cha kusema mapema.

Nimeshaanza kulikata, Otieno. Mlango ndio nimeanza nao, ili jina liwe kavu kabisa kabla hajanishawishi mtu. Lako kwanza, langu chini yake, maana nimeona kuwa hata mimi nipo. Wakitupa meza, sawa. Wakitunyima, mikono itakuwa imepona. Na Akinyi nitampelekea basi hili nyumbani Krismasi, aliweke mahali watoto wako wanaliona na hawalifikii.

Kwa hiyo hayo ndiyo ya huku. Sina maneno matamu ya kukuaga, na ungeyacheka ningekuwa nayo. Wewe lala, omera. Kusimama niachie mimi.

Nyakundi